Bima ya Maisha: Khabari ya Chama cha Equitable cha London, na Mafundisho Yake Kwetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darsa yetu iliyopita, tulipokuwa tukisoma mlango wa biashara zilizokatazwa, ndugu mmoja aliinuka akauliza: "Sheikh, mwatwambia kuwa bima ya maisha ina kasoro katika sharia. Mbona Waingereza wameishi nayo zaidi ya miaka mia mbili, na wajane wao hawaombi, na wajane wetu sisi twawaona mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa?"

Swali hili ni zito, wala halijibiki kwa neno moja la "haramu". Mwenye kujibu kwa neno hilo peke yake, kisha akenda zake nyumbani kula, amewaacha mayatima pale pale walipokuwa. Kwa hivyo tumeona bora tueleze kwanza khabari ya chama kimoja cha Waingereza, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa ndicho kikongwe cha bima ya maisha kwao. Kisha tuipime khabari hiyo kwa mizani ya sharia, na mwisho tujitazame nafsi zetu.

Chanzo chake

Mwaka 1706, katika zama za Malkia Anne, palianzishwa mjini London chama kilichoitwa Amicable, maana yake chama cha urafiki. Kila mwanachama alitoa kiasi kile kile cha fedha, awe kijana au mtu mzima. Mwaka ulipokwisha, fedha iliyotengwa kwa ajili ya vifo iligawanywa kwa warithi wa wale waliokufa mwaka ule. Mwaka wa maradhi, waliokufa wakiwa wengi, fungu la kila yatima lilikuwa dogo. Mwaka wa salama, fungu lilikuwa kubwa. Basi hapakuwa na mtu aliyejua atawaachia wanawe nini. Tena mtu aliyepita miaka 45 hakukubaliwa kuingia.

Katika waliokataliwa kwa sababu ya umri alikuwako mwalimu wa hisabu, jina lake James Dodson. Mtu huyu hakukaa akalaumu. Alichukua kalamu akajiuliza: mtu wa miaka 20 atoe kiasi gani, na wa miaka 50 atoe kiasi gani, ili kila mmoja alipe kwa kadiri ya khatari aliyo nayo, asimdhulumu mwenziwe wala asidhulumiwe? Na vipi kiasi hicho kibaki kile kile kila mwaka, kisimzidie mtu kadiri anavyozeeka na nguvu zake za kuchuma zinavyopungua? Alizitazama daftari za vifo vya mji wa London, akapiga hisabu.

Natuufahamu vizuri msingi wa hisabu yake, kwani ndio ufunguo wa khabari yote inayofuata. Kijana hafi upesi kama mzee. Ikiwa kijana na mzee watalipa kila mmoja kiasi kisichobadilika maisha yao yote, basi kijana, miaka yake ya mwanzo, analipa zaidi ya khatari yake ya miaka hiyo. Ile ziada yawekwa imngojee atakapokuwa mzee, wakati malipo yake yatakapokuwa hayatoshi. Basi mtu akifungua sanduku la chama kama hicho katika miaka yake ya mwanzo, ataliona limejaa, naye adhani ni faida. Si faida hiyo. Ni deni. Ni haki ya watu ambao siku yao haijafika.

Dodson alikufa mwaka 1757, kabla chama chake hakijasimama. Wenziwe, wakiongozwa na Edward Rowe Mores, waliomba hati ya mfalme. Mwaka 1761 wanasheria wa serikali wakawakatalia, kwa hoja ya kuwa jambo hili lategemea jedwali za uhai na mauti ambazo hazijapata kujaribiwa. Hawakuvunjika moyo. Mwaka 1762 walifunga mapatano yao wenyewe kwa maandishi, wakakiita chama chao Equitable, yaani chama cha uadilifu. Hakikuwa na matajiri wa nje wenye kugawana faida. Waliokuwa na bima ndani yake ndio hao hao waliokuwa wenyewe.

Waliokipa nguvu

Zama zile Waingereza walikuwa na ubaya mwingine uliofanana na bima kwa jina. Watu walikuwa wakiwekeana fedha juu ya maisha ya watu wasiowahusu: mfalme vitani, au mtu mashuhuri aliye mgonjwa. Akifa, mmoja apata na mwingine akhasirika. Hii ni kamari tupu, na khasa ni kamari juu ya roho ya mwanadamu. Mwaka 1774 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwa mtu asichukue bima ya maisha ya mwingine isipokuwa ana maslaha ya haki katika uhai wake. Basi wenyewe Waingereza waliona kuwa bima na kamari zimekaa nyumba jirani, na kwamba ukuta baina yao wahitaji kujengwa.

Chama cha Equitable kilipata watu wawili waliokitia nguvu. Wa kwanza ni Richard Price, mtu wa Wales, mhubiri wa Kikristo na mjuzi wa hisabu. Mwaka 1771 alitoa kitabu, na ndani yake akavichunguza vyama vilivyokuwa vimezuka London vya kuwalipa wajane. Vyama hivyo vilichukua malipo madogo na kuahidi malipo makubwa, na watu wakavikimbilia. Price akabainisha kwa hisabu kuwa havitadumu: wajane wa mwanzo watalipwa kwa fedha za wale wa mwisho, na wa mwisho hawatakuta kitu.

Wa pili ni mpwa wake, William Morgan. Aliingia katika chama mwaka 1774, na tokea 1775 mpaka 1830, miaka 55, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa hisabu zake. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitazama hati moja moja na kupima: chama kina nini mkononi, na kinadaiwa nini na walio hai? Alikuta mali ni nyingi kuliko madeni. Wanachama walipopata khabari hiyo wakataka igawanywe. Morgan akawazuia, akagawa sehemu na kuweka sehemu, akiwakumbusha kwamba miaka mibaya yaweza kuja. Wengi walimwona mgumu, lakini ugumu wake ulikuwa ndio ngao ya mayatima.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Jedwali waliyoitumia, ambayo Price aliitunga kwa daftari za mji wa Northampton, ilikuwa na kosa. Ilihisabu kuwa watu wafa mapema kuliko walivyokuwa wakifa kweli. Kosa hilo lilikifaa chama cha bima, kwani watu waliishi wakaendelea kulipa. Lakini tokea mwaka 1808 Serikali ya Uingereza iliitumia jedwali hiyo hiyo kuuza ahadi za namna nyingine: mtu atoa fedha mara moja, naye alipwe kila mwaka mpaka afe. Watu wakaishi zaidi ya ilivyohisabiwa, na Serikali ikapata khasara kubwa. Jedwali ni moja, kosa ni moja. Kwa huyu ni faida na kwa yule ni khasara. Yashikeni haya, kwa sababu chama cha Equitable chenyewe, zaidi ya miaka mia baadaye, kiliingia katika mlango ule ule ulioitia Serikali khasara.

Kuanguka kwake

Katika karne ya 20 chama hiki kilikuwa kikiwauzia watu, pamoja na bima ya maisha, akiba za uzeeni. Kilisifika kwa kuwa hakiwalipi madalali kwa kuleta watu, na wasomi, mawakili na madaktari walikiamini. Tokea mwaka 1957 mpaka 1988 kilitoa hati zenye ahadi madhubuti: mwanachama akifika umri wa kustaafu, akiba yake itageuzwa kuwa malipo ya kila mwaka kwa kiwango kilichokwisha kuandikwa, hata mambo yabadilike vipi.

Tupige mfano wa kufahamisha tu. Mtu ameahidiwa kuwa kwa kila pauni 1,000 za akiba yake atalipwa pauni 100 kila mwaka mpaka afe. Siku ahadi ilipoandikwa, sokoni yapatikana zaidi ya hizo, kwa hivyo ahadi yaonekana haina gharama. Kisha faida ya fedha ikashuka, na watu wakazidi kuishi. Sokoni zikawa hazipatikani ila pauni 70. Zile 30 zitatoka wapi?

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Katika miaka ya 1990 ahadi ile, iliyodhaniwa haina uzito, ikageuka mzigo. Na chama hakikuwa na akiba ya kutosha kuubeba, maana viongozi wake wa zama za mwisho walishika kanuni ya kuwagawia wanachama karibu kila kilichochumwa, wala hawakuweka fungu kubwa pembeni. Njia ya Morgan ilikuwa imeachwa. Wakatafuta hila. Walisema: mwenye kutaka kiwango alichoahidiwa atakipata, lakini tutampunguzia nyongeza yake ya mwisho, mpaka alingane na yule asiyeahidiwa kitu. Yaani waliitimiza ahadi kwa ulimi na kuivunja kwa hisabu.

Wanachama wakalalamika, na jambo likafika mahakamani. Tarehe 20 Julai 2000, Baraza la Malodi, ambalo zama hizo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, likahukumu kwa kauli moja kwamba chama hakina haki ya kuitangua ahadi kwa njia hiyo. Gharama yake ikakisiwa kuwa pauni bilioni 1.5. Chama kikatafuta wa kukinunua, asipatikane. Tarehe 8 Disemba 2000 kikafunga mlango kwa wateja wapya, baada ya miaka 238. Mwezi wa Julai 2001 kikazipunguza thamani akiba za uzeeni kwa asilimia 16. Wazee waliokuwa wameweka fedha kwa miaka mingi waliamka asubuhi wakakuta sehemu ya uzee wao imeondoka.

Mwaka 2004 ikatoka ripoti ya jaji Lord Penrose, iliyoonyesha kuwa asili ya msiba huo ilikuwa ndani ya chama chenyewe. Mwaka 2008 mpokea malalamiko wa Bunge akabainisha kuwa wasimamizi wa serikali nao walishindwa na kazi yao kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Serikali ikakubali kutoa pauni bilioni 1.5 kwa khasara iliyohisabiwa kuwa pauni bilioni 4.3, wengi wakapata kiasi cha asilimia 22 ya walichokosa, na wengine walikwisha kufa. Tarehe 1 Januari 2020 kilichobaki katika chama kikahamishiwa kampuni nyingine iitwayo Utmost, na khabari ya Equitable ikaishia hapo.

Mizani ya sharia

Sasa ndugu yetu aliyeuliza aone. Si kweli kuwa wazee wote wa Kiingereza walilala salama. Lakini pia si insafu kusema kuwa waliyoyafanya yote ni batili. Tutenganishe.

Wanavyuoni wetu hawakulighafilika jambo hili. Ibn Abidin wa Dameski, aliyefariki mwaka 1836, alikwisha kuizungumza bima ya vyombo vya baharini iliyokuwa ikifanywa na wafanyabiashara wa Kizungu, akaona kuwa si halali kwa Mwislamu kuchukua badala ya mali iliyopotea kwa mkataba kama huo. Mwaka 1961, katika mkutano wa fiqhi uliofanywa Dameski, Sheikh Mustafa az-Zarqa alitetea kuwa bima yafaa, na Sheikh Muhammad Abu Zahra akampinga. Disemba 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo Jidda likapitisha kuwa mkataba wa bima ya kibiashara, wenye malipo maalumu, una gharari kubwa yenye kuufisidi, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana iliyosimama juu ya msingi wa kujitolea.

Sababu zao ni hizi. Kwanza ni gharari, yaani kuuziana kitu ambacho haijulikani kitapatikana au hakitapatikana, na ni kiasi gani. Huyu alipa miezi miwili akafa, wake wakapata maelfu. Yule alipa miaka thelathini asipate mfano wa alichotoa. Pili ni riba, kwani ni fedha kwa fedha, kwa kuzidiana na kwa kucheleweshana. Na zaidi ya hayo mali inayokusanywa huwekwa katika mikopo ya riba. Tatu ni kufanana na kamari.

Huenda mtu akasema: "Chama cha Equitable kilikuwa cha wanachama wenyewe, basi si ndio kusaidiana huko?" Jawabu ni kuwa umiliki wa pamoja ni jambo zuri, lakini hautoshi. Ndani yake kila mmoja alifunga mkataba wa kununua na kudai, na mali yao iliwekwa katika dhamana za Serikali zenye riba. Na mwisho wake twauona: ahadi ya jambo lililo katika ghaibu, la umri wa watu na faida ya miaka ijayo, ilitolewa kana kwamba ni jambo lililo mkononi. Hiyo ndiyo gharari yenyewe. Vitabu vyetu vyaieleza kwa mfano wa samaki aliye majini na ndege aliye hewani. London iliieleza kwa mabilioni ya pauni.

Lakini kujiwekea akiba na kuwatazamia wanao si kukosa tawakkul. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaagiza watu wa Misri waweke nafaka miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida, na yeye ni Mtume wa Mungu. Mtume wetu (S.A.W.) alimfahamisha Saad bin Abi Waqqas, alipokuwa mgonjwa akataka kuitoa mali yake nyingi sadaka, kuwa kuwaacha warithi wana uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Na aliwasifu Maashari, ambao chakula kikiwapungukia safarini au mjini hukusanya kila walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa chombo kimoja. Maashari hawakuuziana kitu. Walichangiana. Huu ndio msingi wa ile iitwayo takaful: watu watoa kwa nia ya kujitolea, aliyefikwa asaidiwe kwa masharti yaliyoandikwa, mali iwekwe katika biashara ya halali, na msimamizi apate ujira wake unaojulikana. Kampuni ya namna hii ilianzishwa Sudan mwaka 1979, na hapa Kenya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Hata hivyo jina halitoshi. Mwislamu aulize, asome hati, ajue fedha yake yawekwa wapi.

Sisi na nafsi zetu

Ndugu zangu, maneno machungu ni haya. Waingereza wale walikosa sharia, wakapata hisabu; walipoiacha hisabu wakaanguka. Sisi tuna sharia, na hisabu hatuitaki. Tazameni vyama vyetu vya kuzikana na masanduku yetu ya mitaa. Vingapi vimeanza kwa dua na kusomewa Fatiha, vikafa bila ya mtu kujua fedha ilikwenda wapi? Ukiomba daftari waambiwa: "Wamtuhumu mzee wetu?" Na hali Mwenyezi Mungu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, katika Suratul Baqara, ametuamrisha kuandika madeni, makubwa kwa madogo, wala tusichoke. Kudai daftari si tuhuma. Ni ibada, na ni kumhifadhi mzee mwenyewe asisemwe.

Basi tushike mambo manne.

Kwanza, kila chama chetu kiwe na masharti yaliyoandikwa: nani atoa, atoa nini, na nani asaidiwa, kwa kiasi gani.

Pili, tusiahidi tusichoweza. Chama chenye watu hamsini kisiseme kitamlea kila yatima mpaka abaleghe. Kiseme kitatoa kadiri kilichomo, kisha kitoe kweli. Mwanzo wa Suratul Maida watuamrisha kutimiza mapatano, na aliyeahidi kupita uwezo wake amejifungia mlango wa kutimiza tangu siku ya kwanza.

Tatu, sanduku likijaa tusilione ni mali ya kugawana Idi. Ndani yake mna haki ya mjane ambaye leo mumewe yu hai, akenda sokoni na kurudi.

Nne, hisabu isomwe hadharani kila mwaka, mbele ya wanachama, na asiyekuwa mshika fedha ndiye aikague.

Ama ndugu aliyeuliza, ambaye tumefahamu kuwa ana hati ya bima tayari, twamshauri hivi. Aisome hati yake pamoja na mjuzi, ajue atarejeshewa nini akitoka, asikurupuke. Kile alicholipa mwenyewe ni mali yake. Kinachozidi kwa njia ya riba, wengi wa wanavyuoni wa zama hizi wasema akitoe kwa mafakiri, bila ya kutaraji thawabu za sadaka. Aweke akiba ya halali, hata ikiwa ndogo. Aandike wasia wake, aandike madeni yake, kwani mayatima wengi hawakufukarishwa na mauti ya baba yao, bali na deni ambalo halikuandikwa na shamba ambalo hati yake haijulikani iliko.

Na jawabu la wale wajane walio mlangoni mwa msikiti haliko London, wala haliko katika fatwa peke yake. Liko kwetu sisi tunaowapita tukienda safu ya mbele. Ijumaa ijayo, baada ya sala, wanafunzi wa darsa hii watakaa kuandika majina ya mayatima wa mtaa wetu na mahitaji yao. Mwenye kujua hisabu na aje na kalamu yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika haki, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Wallahu aalam.